Udongo wa Kiroba cha Mbolea Hausemi Kweli

Wiki iliyopita mama mmoja aliniletea udongo wa kupima ukiwa ndani ya kiroba kilichokuwa na DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi. Nilimpa pole ya safari, nikaumwaga. Siku hiyohiyo kijana mmoja akaja na kikombe kimoja cha udongo aliouchota kando ya barabara, kwa sababu ndipo bodaboda iliposimama. Naye nikamrudisha. Wote wawili waliniona msumbufu.

Jamani, skana ya udongo, kile kifaa ninachopimia, haina uganga. Inasoma ulichoipa. Chembe za DAP zikibaki kirobani, majibu yatasema fosforasi ipo tele, nawe utaacha mbolea ya kupandia. Mahindi yakifika magotini yanageuka zambarau na umeshachelewa. Ukichota mlipochoma mabua, majivu yatapandisha pH, kipimo kinachoshuka udongo ukiwa mchachu, utaambiwa chokaa ya kupunguza uchachu haihitajiki. Kumbe shamba lililobaki liko chini ya 5.5, aluminiamu inaunguza ncha za mizizi, na mbolea uliyoinunua inakaa ardhini bila mahindi kuigusa.

Piga hesabu. Ekari moja kwa kina cha sentimita 20 ina udongo wa tani 1,000 hivi. Nusu kilo unayoniletea inausemea mzigo wote huo. Sasa ukiuchota shimo moja tu, tena mpakani?

Chota mahali 15 kwa ekari, ukitembea kwa zigizagi kona hadi kona. Kaa mbali na kichuguu, zizi la zamani, njia ya ng'ombe, kivuli cha mti na mahali palipolundikwa samadi. Bonde na mwinuko ni sampuli mbili, kila moja na mfuko wake, hata kama shamba ni lako lote na hati ni moja. Ondoa majani ya juu, usikwangue udongo. Chimba shimo la umbo la V lenye kina cha sentimita 20, kisha kata ubavuni kipande chembamba kuanzia juu hadi chini. Sentimita 20 zipimwe kwa rula, au tia alama kwenye panga. Shubiri si kipimo, yangu na yako hazilingani. Wenye parachichi wachukue pia sentimita 30 hadi 60, mfuko wa peke yake.

Changanya kwenye ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati iliyopakwa zinki itakudanganya kuhusu zinki, na nimeshalisema hili mikutano mitatu. Tandaza udongo, ugawe mafungu manne, tupa mawili yanayotazamana, changanya tena, rudia mpaka ibaki nusu kilo. Anika kivulini. Usiuweke juani wala juu ya jiko, na usishike kwa mikono iliyotoka kugusa mbolea.

Wakati wenyewe ni Agosti na Septemba. Huku Nyanda za Juu Kusini mvua huanza Novemba, na chokaa inahitaji wiki kadhaa ardhini kabla ya mbegu. Anayeleta udongo Novemba akiwa ameshapanda anataka nimpe pole, si ushauri. Kama uliweka mbolea au samadi, subiri angalau miezi miwili. Rudia kupima kila baada ya miaka mitatu, mwezi uleule.

Wengine huuliza kilimo cha vipimo kinawahusu nini wenye ekari mbili, kwamba ni mambo ya matrekta na setilaiti. Ukanda wa SAGCOT, mpango wa kukuza kilimo kusini mwa Tanzania, ulipozinduliwa mwaka 2010, na kongani ya Ihemi, yaani moja ya maeneo yake, ikazishika Iringa na Njombe, shabaha ilikuwa utafiti, pembejeo na soko vipangwe kufuata eneo. Mpango wa namna hiyo unasimama juu ya takwimu za mashamba. Mbolea ya kuchanganywa kwa ajili ya kanda na chokaa ya kupelekwa kata fulani haviwezi kupangwa vizuri kwa udongo wa kando ya barabara. Udongo wako mbovu unampoteza na jirani.

Majibu yakishatoka, msiyaharibu kwa kupimia mbolea kizibo cha soda kilichojaa. Nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mche mmoja, inatoa mashimo kama 18,000 kwa ekari. Ukiambiwa mfuko mmoja wa kilo 50, kila shimo linapata gramu zisizofika 3, yaani nusu kizibo. Kizibo kilichojaa ni gramu 5 hadi 6. Utamaliza mifuko miwili, na naitrojeni iliyozidi itazidi kuutia udongo uchachu mwaka hadi mwaka. Halafu mnarudi kwangu kuuliza chokaa inauzwa wapi.



Mfuko uwe mpya. Juu yake andika jina, kijiji, kina, tarehe, na zao la msimu uliopita. Kwa kalamu ya risasi, maana wino unafutika.