Kusafiri Nje ya Nchi Wakati Ombi la Ukaazi la Mwenzi Wako Halijajibiwa

Kabla ya kulipia tiketi, jiulize kwanza mwombaji anangojea jibu akiwa wapi. Anayengojea akiwa Nairobi na anayengojea akiwa ndani ya nchi anayoomba kukaa hawafuati kanuni moja, hata kama wote wawili wamefunga ndoa na raia wa nchi ileile.

Tuanze na wa Nairobi. Mke ambaye mumewe, raia wa Marekani, amemwombea ukaazi kwa fomu ya I-130 yuko huru kwenda Kampala au Dubai apendavyo, kwa kuwa ombi lake halidai awepo mahali fulani mpaka wakati wa uchunguzi wa afya na mahojiano katika ubalozi wa Marekani ulioko Gigiri. Akikaa katika nchi nyingine miezi 12 au zaidi, kwa kawaida atadaiwa cheti cha polisi kutoka huko, na kukifuatilia akiwa amekwisha kurudi ni kazi nzito kuliko kupata kile cha tabia njema cha hapa kwetu, kinachoombwa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Asipange safari katika majuma yanayozunguka mahojiano, kwa sababu akikubaliwa pasipoti itabaki ubalozini mpaka viza ibandikwe.

Kwenda Marekani kwenyewe kumtembelea mume wakati huo si rahisi. Mwombaji wa viza ya matembezi hulazimika kumridhisha afisa kwamba atarudi nyumbani, na ombi la ukaazi linaonyesha kinyume chake. Fomu ya viza hiyo huuliza waziwazi kama kuna mtu aliyewahi kukuombea uhamiaji. Jibu kweli, kwa maana kunyimwa viza ya matembezi hakuliui ombi la ukaazi, lakini uongo unaweza kukufungia mlango maisha.

Hatari kubwa iko kwa yule ambaye tayari yuko Marekani na amewasilisha fomu ya I-485 ili abadilishiwe hadhi akiwa hukohuko. Akitoka bila kibali maalumu cha kusafiri na kurejea, kinachoombwa kwa fomu ya I-131, ombi lake kwa kawaida huhesabiwa kuwa limetelekezwa, na ada alizolipa zimekwenda na maji. Kibali lazima kiwe mkononi kabla ya kuondoka. Kuwa na risiti ya kukiomba hakutoshi. Wenye viza za kazi za H-1B au L-1 ambazo bado zina nguvu wanaweza kurudi kwa viza hizo. Aliyewahi kupitisha muda wake wa kukaa aonane na wakili kwanza, kwa kuwa mtu aliyekaa bila idhini zaidi ya siku 180 kisha akatoka anaweza kuzuiwa kurudi kwa miaka 3, na aliyefikisha mwaka mmoja au zaidi kwa miaka 10.

Mara nyingi kinachowaponza watu ni msiba. Mama amelazwa Nairobi, simu zinalia usiku, na wazee wa ukoo hawana habari ya I-485. Wanachojua ni kwamba mtoto hajafika. Hata hivyo kuna njia ya dharura ya kupata kibali cha kusafiri: mwombaji huomba miadi katika ofisi ya uhamiaji iliyo karibu naye huko Marekani na kueleza sababu, akiwa na ushahidi. Hapa ndipo ndugu walioko Nairobi wanaweza kusaidia kuliko kulaumu. Wamtumie upesi barua ya hospitali yenye muhuri, inayotaja jina la mgonjwa na hali yake, au kibali cha mazishi, pamoja na cheti cha kuzaliwa kinachothibitisha undugu.

Uingereza ni kali zaidi. Aliyeomba akiwa ndani ya nchi hiyo kuendelea kukaa kama mwenzi, kisha akaja Nairobi kabla ya uamuzi, huhesabiwa kuwa ameliondoa ombi lake mwenyewe.

Siku ya kurejea Marekani, beba kibali halisi cha kusafiri na risiti ya I-485 kwenye mkoba wa mkononi, kwani wahudumu wa ndege uwanjani Jomo Kenyatta watakidai kabla ya kukupa nafasi. Hata ukiwa nacho, afisa wa mpakani ndiye mwenye neno la mwisho, kwa hiyo uwe tayari kumweleza ulikokuwa na sababu ya safari yako.