Fundisha kupiga dawa kwa rangi ya chakula

Kama unafundisha vibarua kupiga dawa shambani, siku ya kwanza usiwape dawa. Chukua bomba jipya la mgongoni, tia maji na rangi nyekundu ya chakula iliyokolea, wavishe fulana nyeupe za mikono mirefu na glavu, kisha waache wachanganye, wajaze na wapige mistari miwili mitatu kama walivyozoea. Wakimaliza, kila mtu ajikague. Wekundu utauona mgongoni pale kifuniko kinapovuja, kwenye mapaja yaliyopita katikati ya mimea iliyolowa, na kwenye paji la uso alipojifuta jasho na glavu (hilo la jasho huwa halikosi). Hapo huhitaji hotuba. Viuatilifu vingi hupenya ngozi bila kuwasha wala kuuma, ndiyo maana mtu haamini mpaka aone. Malizia kwa kuvua glavu: kwanza zioshwe zikiwa bado mikononi, ndipo zivuliwe.

Zoezi hili haligusi mvuke. Rangi haina moshi wala harufu kali, kwa hiyo kibarua anaweza kudhani kitambaa puani kinatosha, kumbe hakizuii kitu; somo la barakoa yenye kichujio lipe siku yake. Pia dawa zenye mafuta hupenya nguo haraka kuliko maji, waambie wazi. Na bomba lililowahi kubeba dawa lisitumike kabisa kwenye zoezi hili, hata liwe limeoshwa vipi.