Plastiki inavuja kwenye nozeli: fuata njia yake kabla ya kugusa joto

Somo hili ni la wanaoendesha mashine ndogo na za kati za injeksheni, yaani zinazoyeyusha plastiki ndani ya barela (silinda yenye hita) na kuisukuma kwa skrubu kupitia nozeli (mdomo wa barela) hadi kwenye moldi. Ni zile zenye nguvu ya kufunga moldi ya tani 80 hadi 250, kama zilizojaa Eneo la Viwanda, Baba Dogo na Kariobangi jijini Nairobi zikipiga vifuniko, bakuli, hanga na vipini vya brashi. Plastiki ikianza kuvuja, opereta wengi hukimbilia kupunguza joto la nozeli. Wakati mwingine inasaidia. Mara nyingi inaficha ugonjwa tu, kwa sababu mivujo mingi hutokana na vyuma visivyokutana sawasawa, na chuma hakinyooshwi kwa kubonyeza skrini.

Plastiki huponyoka mahali panne: kati ya nozeli na bushi ya moldi (kipande cha moldi kinachopokea nozeli), kwenye kiungo cha nozeli na kichwa cha barela, ndani ya barela ikirudi nyuma kupitia ringi ya skrubu (inayopaswa kuizuia isirudi), na kwenye mstari ambapo nusu mbili za moldi hufungana. Kila mahali pana dawa yake.

Hatua ya 1: Tuliza presha, kisha angalia

Rudisha skrubu nyuma milimita chache ili presha iliyonaswa mbele yake iishe, kisha rudisha karieji (sehemu nzima inayobeba barela) mpaka nozeli iachane na moldi. Vaa ngao ya uso, glavu za joto zinazofika karibu na kiwiko, na shati la pamba la mikono mirefu. Nguo ya nailoni huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Usisimame mbele ya nozeli hata kama inaonekana imeziba. Iliyoziba ndiyo hatari zaidi, kwa sababu gesi iliyofungiwa inaweza kukitema kile kizibo kwa kishindo. Mtu akiungua, maji baridi ya mfereji kwa dakika 20, usibandue plastiki iliyoganda kwenye ngozi, na umpeleke hospitali.

Sasa soma mabaki. Plastiki ikiwa upande mmoja tu wa bushi, nozeli haiko katikati. Ikizunguka pande zote, midomo hailingani au karieji inasukuma kwa nguvu ndogo. Ikitokea nyuma, chini ya kifuniko cha hita, ni kiungo cha kichwa cha barela. Huo wa nyuma hudanganya: plastiki hutambaa chini ya hita na kujitokeza mbele kana kwamba imetoka mdomoni. Vunja kipande uangalie rangi. Ya kahawia iliyoungua imekaa siku nyingi; yenye rangi ya kazi ya leo ndiyo inayovuja sasa.

Hatua ya 2: Linganisha nozeli na bushi

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi.

Pua ya nozeli ni ya mviringo kama tufe, na bushi ina shimo la mviringo la kuipokea. Nusu kipenyo cha pua kiwe kidogo kuliko cha bushi kwa milimita 0.5 hadi 1. Tundu la nozeli nalo liwe dogo kuliko tundu la bushi kwa kiasi hichohicho. Ukifanya hivyo, vyuma vitagusana kwenye duara dogo lililo jirani na tundu, na spru (kijiti cha plastiki kinachoganda ndani ya bushi) itatoka bila kunaswa.

Pua ikiwa kubwa kuliko shimo la bushi, hugusa ukingo wa nje tu na kuacha mfuko katikati. Mfuko huo hujaa plastiki yenye presha. Piga hesabu: kwa presha ya bar 800, tundu la milimita 4 linasukuma karieji nyuma kwa uzito wa kilo 100 hivi. Mfuko wenye upana wa milimita 20 unasukuma kwa takriban tani 2.5. Karieji ikizidiwa kidogo tu, plastiki inapita. Ndiyo maana ukiongeza nguvu ya karieji kwenye midomo isiyolingana unapata nafuu ya shifti moja, halafu bushi inapondeka na mvujo unarudi mkubwa zaidi.

Kupima: safisha nyuso zote mbili kwa brashi ya shaba, zikiwa bado na joto. Zikishapoa, bandika karatasi nyeupe na karatasi ya kaboni juu yake kwenye bushi, kisha sogeza karieji polepole kwa presha ndogo mpaka iguse. Duara kamili, jembamba, karibu na tundu, ni sawa. Ukiona alama ya mwezi mwandamo, nozeli imepinda upande: legeza bolti za miguu ya karieji, irekebishe juu, chini au pembeni, kaza, pima tena. Ukiona duara pana la nje na katikati pameachwa peupe, hapo una mfuko.

Kabla ya kulaumu karieji, hakikisha moldi ilifungwa na ringi yake ya kuipanga katikati ya bamba. Kuna mafundi huitoa kwa sababu haiingii kwenye shimo la mashine yao, wakaikadiria moldi kwa macho. Macho hayaoni nusu milimita.

Bushi au pua iliyochubuka ipelekwe kwenye leni (mashine ya kuchonga chuma kikizunguka). Usiisugue kwa tupa au grainda ya mkono, utaharibu mviringo na kutengeneza njia mpya ya kuvuja.

Hatua ya 3: Kiungo cha nyuma ya nozeli

Uzi wa nozeli hauzuii plastiki. Kinachozuia ni uso wa chuma kukutana na uso wa chuma mwishoni mwa uzi, kwa hiyo tepu ya fundi bomba haina kazi hapa. Fungua kiungo kikiwa na joto, ondoa kila chembe ya plastiki iliyoungua, kisha angalia kama uso una mkwaruzo unaokatiza kutoka ndani kwenda nje. Mkwaruzo wa namna hiyo ni mfereji. Uso huo unahitaji leni.

Kukaza kufanyike mashine ikiwa kwenye joto la kazi. Washa hita, ikifika joto lake subiri dakika 30 ili chuma chote kipate moto, ndipo ukaze. Bolti za kichwa cha barela hukazwa kwa msalaba, si kwa kuzunguka, na kwa awamu tatu: theluthi ya nguvu, theluthi mbili, kisha nguvu kamili iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Paka grisi ya joto kali kidogo tu kwenye uzi, usiguse uso wa kuzibia. Bolti ikivutika badilisha. Ukienda kutafuta nyingine Kirinyaga Road, soma namba iliyopigwa kichwani: kama ya zamani ilikuwa 12.9, usikubali 8.8 eti urefu ni uleule.

Hatua ya 4: Sasa joto, sakbeki na presha ya nyuma

Viwango vya kuanzia kwa plastiki iliyoyeyuka: PP nyuzi 200 hadi 250, HDPE 190 hadi 240, polistairini 180 hadi 240, ABS 210 hadi 250. Anzia chini, panda nyuzi 5 kwa wakati mmoja, na upe barela dakika kumi kabla ya kuamua.

Skrini ikisema 220 na plastiki inamwagika kama uji mwepesi, shuku themokapo (kihisi cha joto). Ncha yake ikilegea na kutogusa chuma, inasoma joto la chini kuliko halisi, na hita inaendelea kuwaka bila kupumzika. Isukume mpaka mwisho wa tundu, ifunge. Pima pia plastiki yenyewe: tema kidogo kwenye bati, choma kipimajoto cha sindano ndani yake. Tofauti na skrini ikizidi nyuzi 15, tafuta sababu kabla ya kuendelea. Kasi kubwa ya skrubu nayo huongeza joto la msuguano ambalo hita haihusiki nalo.

Nozeli ikidondoka kati ya shoti (msukumo mmoja wa plastiki) moja na nyingine, ongeza sakbeki (skrubu kuvutwa nyuma bila kuzunguka) milimita 3, kisha moja moja. Ikizidi milimita 8 au 10 kwenye mashine hizi unavuta hewa, na bidhaa itaonyesha michirizi ya fedha au viputo. Presha ya nyuma anzia bar 5 hadi 10 kwenye geji ya haidroliki. Kumbuka geji hiyo si presha ya plastiki. Kwa mashine nyingi plastiki hupata karibu mara kumi ya hiyo.

Asubuhi za Julai hapa Nairobi, oili ya haidroliki huamka baridi na nzito. Iache izunguke mpaka nyuzi 40 hivi kabla ya kurekebisha chochote, la sivyo unapanga mashine ambayo saa nne itakuwa mashine nyingine.

Hatua ya 5: Mvujo usiouona

Baada ya kusukuma shoti, plastiki kidogo hubaki mbele ya skrubu. Hiyo akiba iwe milimita 3 hadi 6, na isiyumbe. Ikibadilika kwa zaidi ya nusu milimita kila shoti, au ikiisha kabisa wakati wa kushikilia presha (moldi ikishajaa), ringi ya mbele ya skrubu haifungi tena vizuri.

Jaribio: ongeza muda wa kushikilia mpaka sekunde 15, ili plastiki kwenye mlango wa moldi (tundu la kuingilia bidhaa) iwe imeganda. Hapo skrubu inapaswa kusimama. Ikiendelea kujongea mbele na hakuna plastiki nje, plastiki inarudi nyuma kupitia ringi. Skrubu ikizunguka yenyewe wakati wa kusukuma, ni dalili ileile. Ukiivua, pima na barela pia. Barela iliyolika mbele haitatibiwa na ringi mpya.

Hatua ya 6: Flashi (plastiki inayoponyoka pale nusu mbili za moldi hufungana)

Hesabu kwanza. Bakuli la PP lenye kipenyo cha sentimita 20 lina eneo la sentimita za mraba 314. Chukua tani 0.4 za nguvu ya kufunga moldi kwa kila sentimita ya mraba: tani 126, ongeza asilimia 10, unapata karibu 138. Mashine ya tani 150 inatosha, ya 100 haitoshi hata ukiibembeleza. Kuta nyembamba huhitaji zaidi. Tani zikitosha na flashi bado ipo, hama kutoka presha ya kusukuma kwenda presha ya kushikilia pale moldi inapojaa asilimia 95 hadi 98, na ukague uso wa moldi: chembe moja iliyobanwa inatosha kuiacha wazi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, stima ikipotea katikati ya kazi na kurudi baada ya saa moja, tuanzie wapi?*

Maji ya kupoza koo la hopa (chombo cha kulishia plastiki) kwanza. Kisha washa nozeli na zoni (sehemu ya hita ya barela) ya mbele kabla ya zoni za nyuma. Ukipasha nyuma huku mdomo umeganda, plastiki inapanuka, inatoa gesi na haina pa kutokea. Joto likifika subiri dakika 20 hadi 30, rudisha karieji, tema kwa presha ndogo mpaka rangi irudi sawa. Kama ndani kuna PVC au asetali, usizisubirishe kwenye joto: zitoe kwa PE au PP mapema, na PVC na asetali zisikutane kamwe ndani ya barela moja.

*Sisi tunapiga nailoni 66. Nozeli inatiririka kama maji, tukipunguza joto inaganda. Tumechoka, fundi.*

Ndiyo tabia yake. Inayeyuka karibu na nyuzi 260 na ikishayeyuka ni nyepesi sana, kwa hiyo dirisha lako ni jembamba. Anza na unyevu: kausha nyuzi 80 kwa saa 4 au zaidi kwenye draya ya hewa kavu, unyevu ushuke chini ya asilimia 0.2. Nailoni yenye maji hutoa mvuke unaoisukuma nje, na maji hayohayo huikata ikawa nyepesi zaidi. Pili, tafuta nozeli ya nailoni ambayo tundu lake hupanuka kuelekea mdomoni, ili kilichoganda kitoke na spru. Tatu, nozeli iwe na themokapo yake yenyewe, isiazime ya barela.

*Natumia PP iliyosagwa kutoka Dandora. Gunia moja linakwenda vizuri, la pili linamwaga na kutoa flashi. Mashine haijaguswa.*

Mashine haina kosa, dada. Ndoo, viti na vifuniko havina wepesi sawa vikiyeyuka, na gunia lako lina vyote. Usimimine gunia moja moja. Changanya magunia matano au sita kwa pamoja, kisha gawa. Changanya na PP mpya kwa kiasi kisichobadilika. Weka sumaku kwenye hopa, maana kipande cha waya kimoja kinaweza kukwaruza ringi na nozeli kwa mpigo.

*Nyongeza kutoka kwa mwanachama mwingine:* chuja mchanga pia kwa kuosha na kukausha. Sumaku haishiki mchanga, na mchanga ndio unaokula barela.

*Hita imemezwa na bonge la plastiki lililoganda. Naweza kutumia gesi ya kuchomelea?*

Usitumie. Moto huo unalegeza ugumu wa chuma na kuunguza plastiki ikawa moshi mkali. Kama hita bado inafanya kazi, iwashe mpaka bonge lilainike pembeni. Kama imekufa, tumia bunduki ya hewa moto. Kisha zima umeme kwenye swichi kuu na ubandue vipande kwa kwangulio la shaba, ukiangalia nyaya za themokapo zilizozama humo. Hita uliyoitoa ipime: ya wati 500 kwa volti 240 isome takriban omu 115, na kati ya waya na chuma pasiwe na njia ya umeme kabisa. Ikisoma vingine, nunua nyingine, na ukague kiungo cha Hatua ya 3 kabla ya kuifunga.