Jinsi ya kupata vyungu vikubwa vya udongo vya kupandia miti nyumbani

Watu wengi wananiuliza vyungu vikubwa vya udongo wa kuchoma vinapatikana wapi, yale madude ya kupandia mlimao au mkomamanga barazani, maana vya maua vidogo vimejaa kila kona lakini ukitaka kikubwa unazunguka mji mzima. Mimi kazi yangu ni bustani hapa Dar, nawapa ninavyofanya.

Kwanza pima kabla hujatoka. Chukua futi kamba, pima pale kitakapokaa na upana wa geti. Kwa mti wa matunda usishuke chini ya sentimita 45 mdomoni, 60 ndio raha. Halafu piga hesabu ya uzito, chungu cha lita 70 kikishajaa udongo uliolowa kinapita kilo 100 kirahisi, kwahiyo kama ni balkoni ya ghorofani ongea na fundi wa jengo kwanza.

Pili, kutafuta. Wauza miche wa barabarani, kama wale wa barabara ya Bagamoyo, anza nao ila usiishie kwa walivyovipanga mbele. Muulize anachukulia wapi mzigo, wengi wana namba ya mfinyanzi na oda inapokelewa. Ukiweka oda sema vitu vitatu: kitako bapa, tundu chini, na mdomo mpana kuliko tumbo. Hilo la mdomo watu wanalipuuza sana, wanapenda umbo la mtungi lenye shingo nyembamba, sasa mizizi ikishajaa tumboni mti hautoki mpaka uvunje chungu.

Kama uko Mbeya utakutana na vyungu vya Wakisi, vinafinyangwa na kina mama wa Ikombe kule Kyela, mbele kidogo ya Matema kwenye Ziwa Nyasa. Vizuri mno, ila vingi ni vya kupikia na kuwekea maji, kitako duara na ukuta mwembamba, kwa mti sivishauri labda uagize maalum.

Tatu ni kukagua, na hapa ndio usiwe na haraka hata muuzaji akikununia. Kinyanyue kidogo ugonge kwa kifundo cha kidole, kizima kinalia ngaa, chenye ufa kinatoa sauti iliyokufa. Lowesha kidole usugue kwa ndani, kikitoka tope hicho hakijaiva, mvua za masika zitakimaliza. Halafu kuna vya saruji vilivyopakwa rangi nyekundu vinauzwa kama udongo, dondoshea maji kwenye kitako pasipo na rangi halafu kwaruza na ufunguo, udongo wa kuchoma unakunywa maji na ni mwekundu mpaka ndani, saruji ukikwaruza unaona kijivu. Saruji sio mbaya, inakaa miaka, ila usilipie bei ya udongo jamani.

Hakina tundu? Toboa kwa drili na biti ya zege, zima ile hamaringi (ule mtindo wa drili kugongagonga), geuza chungu juu ya gunia na umwagie maji kidogo kidogo huku unatoboa taratibu.

Usafiri: kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, chungu kikae juu ya tairi kuukuu, kifungwe na magunia. Bodaboda hapana.

Kikifika loweka usiku mzima, kikavu kitanyonya maji yote ya mche wako. Kiweke palepale kitakapoishi juu ya matofali matatu ndio ujaze udongo, ukijaza kwanza hamtakisogeza. Juu ya tundu weka kipande cha kigae au wavu, basi, zile kokoto nyingi za chini hazisaidii kutoa maji, zinakula nafasi ya mizizi tu. Kiangazi mwagilia mara nyingi kuliko mti uliopandwa kwenye ndoo ya plastiki maana ukuta wa udongo unapitisha maji, na ule unga mweupe ukitokea nje ni chumvi ya maji na mbolea, sugua na brashi ngumu.