Kiungo unayetaka ukocha, anza kabla hujatundika daluga

Nafundisha watoto hapa Ujiji, na viungo wanaokaribia kustaafu huniuliza waanzie wapi. Anza ungali unacheza. Kila baada ya mechi andika kwenye daftari: mpira tuliupotezea wapi, nani hakukaba, kocha alibadilisha nini. Kiungo anauona uwanja wote, tumia bahati hiyo.

Kisha omba timu ya watoto, hata kwenye kiwanja cha mchanga. Zoezi ninalolipenda: mraba wa hatua kumi kwa kumi, wanne pembeni wanapasiana kwa miguso miwili tu, wawili katikati wanausaka mpira. Usipige filimbi kila kosa. Simamisha mara moja, muulize mtoto, "Kabla mpira haujakufikia, ulitazama wapi?" Mwache ajibu mwenyewe, hata akichelewa. Kwangu mimi, ukocha wote uko hapo.

Kozi za TFF, shirikisho la soka la Tanzania, zifuatilie mapema. Leseni za ukocha za CAF, shirikisho la soka la Afrika, huanzia ngazi ya D.

Na kudumu? Diego Simeone, kiungo wa zamani wa Argentina, alichukua Atlético Madrid Desemba 2011 akakaa zaidi ya miaka kumi. Wachezaji walipita, kukaba kwa pamoja kukabaki. Nawe amua mapema timu yako ikabe vipi, ulifundishe hilo hata wiki mliyofungwa.