Nusu marathoni chini ya saa 1:45: namna ya kugawa kasi

Nusu marathoni ni kilomita 21.0975. Ukitaka kuimaliza kwa saa 1:45, wastani wako uwe dakika 4 na sekunde 58 kwa kilomita. Hesabu haina ugumu. Ugumu uko kwenye kilomita tatu za kwanza, ambako mtu mwenye uwezo wa 4:58 hujikuta anakwenda 4:35 huku akiapa kwamba anatembea. Muziki unapigwa, umati unasukuma, mwili umepumzika wiki nzima. Mapigo ya moyo nayo huchelewa kupanda, kwa hiyo dakika mbili tatu za mwanzo haziwezi kukuambia ukweli wowote kuhusu kasi yako.

Kabla ya yote, hakikisha lengo ni lako kweli. Chukua muda wako wa kilomita 10 wa miezi miwili iliyopita, uzidishe kwa 2.2. Aliyekimbia 47:30 anapata dakika 104 na nusu, yaani saa 1:44:30, kwa hiyo 1:45 iko mezani. Mwenye 50:00 anapata 1:50, na huyo akianza kwa kasi ya 1:45 ataadhibiwa kuanzia kilomita ya 12. Kama mazoezi yako ya wiki hayafiki kilomita 35, zidisha kwa 2.25, maana kizidisho cha kwanza kinadhani una stamina ya masafa.

Jaribio la mwisho lifanye siku 10 hadi 14 kabla ya mbio: kilomita 3 mara tatu kwa kasi ya 4:58, na dakika 3 za kukimbia taratibu katikati. Awamu ya tatu ikitoka 4:58 nawe bado unaweza kusema sentensi fupi, lengo limekaa. Ukilazimika kukunja uso ili uishikilie, ongeza sekunde 5 kwa kilomita kwenye mpango wako. Ni heri kuumia moyo siku hiyo kuliko siku ya mbio. Baada ya hapo punguza masafa: wiki ya kwanza kata kama theluthi, wiki ya mbio kata nusu, lakini usiache kabisa vipande vifupi vya kasi ya mbio, la sivyo miguu itafika imelala.

Mpango wenyewe kwa njia tambarare ni huu:

Kilomita 1–3: 5:05 kila moja
Kilomita 4–16: 4:58
Kilomita 17–21: 4:55
Mita 97 za mwisho: kwa nguvu zilizobaki

Kwa mpango huo unapita kilomita 5 kwa 25:11, kilomita 10 kwa 50:01, kilomita 15 kwa 1:14:51, kilomita 20 kwa 1:39:29, na kumaliza karibu na 1:44:52. Namba hizo nne za kati ziandike kwenye mkono kwa kalamu isiyofutika kwa jasho. Akili haifanyi hesabu vizuri ukishafika kilomita ya 17.

Sekunde 20 unazozitoa mwanzoni hazijapotea. Ukikimbia juu ya uwezo wako, mwili unachoma sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli kwa kasi kubwa zaidi, laktati (kemikali inayozalishwa na misuli ikifanya kazi kali) inapanda haraka kuliko inavyoondolewa, na joto la mwili linapanda mapema. Vyote hivyo huvirudishi kwa kupunguza mwendo kidogo baadaye. Wanaosema wanaweka akiba ya muda kwa kuanza haraka kwa kweli wanakopa, na riba yake hulipwa kati ya kilomita ya 15 na ya 20. Sekunde 20 ulizozipata mapema zinakugharimu dakika mbili.

Tazama Kelvin Kiptum alivyoweka rekodi ya dunia ya marathoni ya 2:00:35 Chicago mwaka 2023: nusu ya kwanza 60:48, ya pili 59:47. Ni kweli kwamba Eliud Kipchoge alipokimbia 2:01:09 Berlin mwaka 2022 aligeuza mpangilio huo, akapita nusu kwa 59:51, na bado ilikuwa rekodi. Lakini Kipchoge alikuwa na nafasi ya kukosea kiasi hicho. Wewe na mimi hatuna.

Sasa saa ya mkononi. Njia iliyopimwa rasmi hupimwa kwa mstari mfupi kabisa unaoweza kukimbiwa, sentimita 30 tu kutoka ukingo wa kona. Hakuna anayeufuata kikamilifu, na GPS nayo ina makosa yake, ndiyo maana saa nyingi huonyesha 21.2 hadi 21.4 mwishoni. Ikionyesha 21.3, basi kasi ya wastani iliyokuwa inahitajika kwenye kioo chake ilikuwa 4:55 au 4:56, si 4:58. Wengi wamekosa lengo kwa sekunde 40 huku saa ikiwasifu njia nzima. Dawa yake ni kuzima hesabu ya kilomita inayojiendesha na kubonyeza kitufe mwenyewe kila unapopita kibao cha kilomita. Kata kona kwa mstari ulionyooka ndani ya njia ya mbio, na kilomita ya kwanza usipite watu kwa zigizaga. Simama tangu mwanzo na watu wa kasi yako. Ukisimama nyuma sana utatumia nguvu kupenya, ukisimama mbele sana utaburutwa. Chipu, kile kifaa kidogo cha kupima muda unachokivaa, huanza kuhesabu unapokanyaga zulia la kupimia muda kwenye mstari wa kuanzia, kwa hiyo kuchelewa sekunde 30 baada ya mlio hakukuibii kitu.

Mbio zikianza saa 12 asubuhi, amka saa 9. Kula kitu ulichokwisha kukizoea kwenye mazoezi marefu: vipande viwili vya mkate na asali, ndizi mbivu, chai isiyo na maziwa mengi. Chapati ya mafuta na maharage viache kwa mchana. Pasha mwili kwa dakika 10 za mwendo wa taratibu, halafu mbio nne za mita 80 za kuongeza kasi polepole, na umalize si zaidi ya dakika 10 kabla ya kuanza.

Kwenye meza za maji, kunywa mafunda matatu manne kila kituo. Kikombe kibane mdomo wake kiwe kama mrija mpana, hapo hutapaliwa wala kujimwagia. Kama unatumia jeli (kipakiti cha sukari nzito ya kuongeza nguvu), kunywa moja kati ya dakika ya 40 na ya 45, kwa maji matupu. Ukiichanganya na soda au juisi, sukari inazidi tumboni na kichomi kinakuja.

Hali ya njia na hewa hubadilisha namba zote. Kwenye mlima shika juhudi ileile, usishike kasi ileile: kila asilimia 1 ya mwinuko inakugharimu takriban sekunde 8 hadi 10 kwa kilomita, na mteremko wa kiasi hicho unakurudishia kama nusu tu. Ndiyo maana njia inayopanda kuelekea Mweka kisha kushuka kwenye nusu marathoni ya Kilimanjaro, Moshi, haifai kuwindia muda bora, hata mteremko wake ukionekana mtamu. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa tatizo ni joto na unyevu. Jasho halikauki, na damu inapelekwa kwenye ngozi badala ya misuli. Ongeza sekunde 10 kwa kilomita tangu mwanzo, usisubiri mwili ukulazimishe. Anayeshuka kutoka miji ya nyanda za juu kama Arusha au Iten hupata pumzi nyepesi pwani, lakini pumzi hiyo ndiyo inayomdanganya aanze kwa kasi asiyoizoea jotoni.

Ukifika kilomita ya 10 ukiwa nyuma ya ratiba kwa sekunde 15, usizifidie kwenye kilomita ya 11. Zigawe, sekunde 2 kila kilomita. Ukiwa mbele kwa sekunde 30, rudi 4:58 papo hapo bila kujipongeza. Kuanzia 17 acha kutazama saa kila dakika, chagua mgongo wa mtu aliye mita 20 mbele, umfikie polepole, kisha chagua mwingine. Mabega yakipanda masikioni, yaangushe na uongeze idadi ya hatua badala ya urefu wake, kwa sababu hatua ndefu kwa miguu iliyochoka ndiyo inayoleta mkakamao wa msuli wa nyuma ya paja.

Kitufe cha saa kibonyeze ukishavuka zulia la mwisho, siyo juu yake, kisha endelea kutembea dakika 10 kabla ya kukaa chini.