Usiufagie utando wa buibui kabla hujamwona akiusuka

Mvua zikishaanza hapa Dodoma, kati ya Desemba na Aprili, chungulia jioni kwenye ua wa minyaa au katikati ya mizabibu. Buibui wa utando wa duara wengi huanza kazi giza linapoingia. Chukua tochi, mmulike kwa ubavuni, siyo usoni. Nyuzi zitang'aa zenyewe.

Uzi wa kwanza anauachia upepo uupeleke mpaka unase upande wa pili. Kisha anatandaza nyuzi zinazotoka katikati kama spoku za baiskeli. Hapo wengi huondoka wakidhani amemaliza. Subiri! Anazungusha kwanza uzi mkavu kutoka katikati kwenda nje, halafu anageuka, anarudi ndani akiweka uzi wenye gundi huku akiuondoa ule mkavu. Tazama mguu wake wa nyuma unavyouvuta uzi na kuugandisha, pindo kwa pindo. Mimi hapo husahau hata chakula jikoni.

Kazi yote huchukua kama nusu saa hadi saa nzima. Usiuguse utando, na watoto wakae hatua mbili nyuma. Buibui wengine huula utando wa jana kabla ya kusuka mpya, kwa hiyo kesho rudi palepale.